Boksi la skana linasema 0.1, uso wa mtu unasema vingine

Mama mmoja, mgonjwa wangu, alijiangalia kwenye kioo muda mrefu, akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, alafu akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hili limesimama, lenzie limelala." Alikuwa anaongelea sikio. Sikio la kushoto la silikoni nililohangaika nalo wiki tatu, rangi nimechanganya mwenyewe mpaka ikakaa kwenye ngozi yake, mikunjo ya ndani iko poa, ila alivyosema hivo nikakiona palepale anachokiona yeye. Juu lilikuwa limechomoka nje, na lote kwa ujumla limekaa mbele kuliko la kulia. Akavaa miwani yake, miwani ikakaa upande. Nikachukua kalipa, kile kifaa cha mkono cha kupimia umbali, nikapima, karibu milimita 4. Na skana niliyotumia, ile mashine inayochukua umbo la uso kwa mwanga, kwenye boksi lake wameandika usahihi wa milimita 0.1.

Hizo milimita 4 zimenikosesha usingizi kwa kweli, na ndo sababu ya kuandika haya yote.

Huyu mama ana ualbino, na sikio lake liliondoka pamoja na saratani ya ngozi. Walioko kwenye kazi hizi huku Tanzania wanaijua hali, jua linaanza na sehemu zilizochomoza, masikio, pua, mdomo wa chini, na mtu akichelewa kupata tiba daktari anakuwa hana namna zaidi ya kukata. Pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza mafuta ya kujikinga na jua yanayoitwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kila nikikaa na mgonjwa wa umri wa huyu mama natamani yangekuwepo yeye akiwa binti. Mimi kazi yangu inaanza pale ambapo kinga imeshapitwa. Natengeneza masikio, pua, na zile maski ngumu za plastiki angavu wanazovaa walioungua usoni ili makovu yasivimbe. Sehemu kama yetu hakuna wa kununua mtambo wa makumi ya maelfu ya dola. Kwahiyo skana ya bei ndogo, hii ya kushika mkononi, kwangu ndo njia iliyopo, na lazima nijue inasema kweli kiasi gani.

Nianze na njia ya zamani, maana wengi wanadhani tumehamia skana kwa sababu ya fasheni. Kuchukua umbo la uso kwa mkono unamlaza mtu, unampaka mafuta ya mgando kwenye nyusi na kope, unamwekea mirija puani apumue, alafu unammwagia aljineti usoni kote, ile ile wanayotumia madaktari wa meno kuchukua umbo la meno, juu yake unaweka bandeji za plasta ili ishike umbo. Mtu mzima anavumilia. Mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto mwezi uliopita havumilii, analia, anatetemeka, na wewe mwenyewe unajisikia vibaya. Na hata akivumilia bado kuna kasoro ambayo haisemwi sana, ule uzito unakandamiza nyama laini, mashavu yanashuka, na amelala chali kwahiyo ngozi imekimbilia masikioni, uso unaoupata sio ule anaotembea nao mtaani. Skana haigusi ngozi. Hilo peke yake linatosha kunifanya niipende.

Sasa hizi skana zimekuwaje rahisi? Mlango ulifunguliwa na michezo ya video. Mwaka 2010 Microsoft walitoa Kinect, kamera ya kuchezea gemu kwa kutikisa mwili, ndani yake kulikuwa na teknolojia ya kampuni ya Israeli inaitwa PrimeSense, inamwaga vidoti vya mwanga wa infraredi ambao jicho halioni, kamera inavitazama kutokea pembeni, na kwa jinsi kila kidoti kilivyohama inapiga hesabu ya pembetatu kujua hapo pana kina gani. 2013 ikaja Structure Sensor ya Occipital, unaifunga kwenye iPad, chini ya dola 400. Mwaka huohuo Apple wakainunua PrimeSense, na 2017 kwenye iPhone X vidoti zaidi ya 30,000 vikawa vinapigwa usoni kwa mtu kila anapofungua simu. Saivi kuna akina Revopoint na Einstar ya Shining 3D, hii ya mwisho ilitoka ikicheza kwenye dola 1,000. Linganisha na Artec Eva, ya mkononi vilevile, iliyotoka 2012 na kwa miaka mingi iliuzwa karibu dola 20,000. Pengo ni kubwa mno, na mtu anayefungua karakana anajiuliza kama hiyo tofauti ya hela inaonekana kwenye uso wa mgonjwa au inaishia kwenye risiti.

Jibu langu ni kwamba inategemea ni sehemu gani ya uso na unaenda kuifanyia nini, na namba ya kwenye boksi haikuambii lolote kati ya hayo mawili.

Ile 0.1 mara nyingi ni ya fremu moja, picha moja tu. Yaani skana imetulia, kitu kimetulia, umbali ni ule inaoupenda, na kitu chenyewe hakina mng'ao. Lakini uso haupigwi kwa fremu moja. Unazunguka kutoka sikio hadi sikio, skana inachukua fremu kadhaa kila sekunde, na programu inazishona kwa kutafuta sehemu zinazofanana kati ya fremu hii na ile. Chukua fundi anapima ukuta wa mita tano kwa rula ya shule ya sentimita 30. Rula ni nzuri, haina tatizo, ila kila akiihamisha anakosea kidogo, na mpaka afike mwisho yale madogo yameshakusanyika. Na tena pale kati ya shavu na sikio pako laini hapana kona wala tuta, programu inakosa cha kushikilia, fremu zinateleza. Yaani panapoteleza ni njiani kabisa kuelekea mahali ninapopahitaji.

Alafu kuna huyu mtu mwenyewe anapumua. Mtu mzima akiwa ametulia anapumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Skani yangu ya kwanza kwa mama ilichukua karibu nusu dakika, hapo ameshapumua mara sita mpaka kumi, amekonyeza, amemeza mate, na katikati aliniuliza "bado?" kwa hiyo taya likashuka likapanda. Ile mitambo mikubwa ya hospitali za nje, mfano 3dMD, inapiga picha kutoka kamera kadhaa kwa wakati mmoja na inamaliza ndani ya milisekunde 1.5. Hapo hata mtoto akichekacheka haijalishi, amegandishwa. Mi naona hili ndo kubwa kuliko yote kwenye habari ya bei, ukilipa hela nyingi sehemu kubwa unanunua muda, zile sehemu ndogo za milimita zinakuja baadaye. Skana ya mkononi inaamini kwamba kinachopigwa ni jiwe, na kila kisichokuwa jiwe kinageuka kuwa kosa.

Baada ya mama kuondoka na ahadi ya kurudi, nikaamua kupima mwenyewe. Nilichukua kichwa cha plasta tulichonacho karakana, nikachora alama kwa penseli ya wanja: kona za macho, mabawa ya pua, pembe za mdomo, kidevu, na kile kinyama kilichoko mbele ya tundu la sikio, kulia na kushoto. Nikapima kwa kalipa mara tatu kila umbali. Alafu nikaskani mara kumi, kila mara naanza upya, nazima, nawasha. Jioni yake mwenzangu wa karakana akakubali kukaa kwenye kiti nimfanyie vilevile.

Kichwa cha plasta kilinitoa wasiwasi. Karibu kila umbali ulikaa ndani ya nusu milimita na kalipa, hata sikio kwa sikio haikwenda mbali. Aisee kumbe mashine sio mbovu. Kwa mwenzangu sasa, kona ya jicho mpaka pembe ya mdomo bado vizuri, nusu milimita, mara chache inagonga moja. Mabawa ya pua yakaanza kuyumba. Sikio hadi sikio, ambapo kalipa inasema 138, skani moja ikasema 134, nyingine 141, nyingine 137. Uso uleule, kiti kilekile, saa ileile. Nilikaa chini.

Hapa kuna vitu viwili watu wanavichanganya na vinatakiwa vitenganishwe. Cha kwanza ni ukweli wa kipimo, kinakaribiana kiasi gani na umbo lenyewe. Cha pili ni uthabiti, ukirudia unapata kitu kilekile? Muuza unga mwenye mizani iliyopinda, kila kilo anayokupa ni gramu 950, leo, kesho na mwaka mzima. Huyo ni thabiti ila sio mkweli, na ukimjua unaweza kuishi naye, unadai nyongeza unaondoka. Mwingine mizani yake leo 900, kesho 1,080, huyo huwezi kumfanyia hesabu yoyote. Skana yangu kwenye plasta ilikuwa thabiti kama mizani ya muuzaji wa kwanza, kwenye mtu hai upande wa masikio ikawa ya wa pili. Kwahiyo mtu akiskani mara moja tu akaona namba nzuri akafurahi, hajapima kitu, maana hajui kama ameangukia kwenye 137 au kwenye 141.

Nikarudi kusoma zile tafiti zinazopima hizi skana, sasa nikiwa na maumivu yangu. Nyingi zinafanana, wanapiga uso kwa mtambo mkubwa, wanapiga tena kwa skana ndogo, wanazilaza modeli mbili, yaani zile sura za kwenye kompyuta, moja juu ya nyingine, kompyuta inazivuta mpaka zikae karibu iwezekanavyo, alafu wanatoa wastani wa tofauti. Na wengi wanachukulia chini ya milimita 2 inakubalika kwa kazi za kliniki. Sina ugomvi na hiyo 2, ugomvi wangu uko kwenye wastani. Paji la uso na mashavu ndo eneo kubwa la uso, na ndo rahisi. Fanya hesabu ndogo, vidoti 10,000 vya paji na mashavu vimekosea milimita 0.3 kila kimoja, na vidoti 300 kuzunguka tundu za pua vimekosea milimita 3. Wastani wa uso mzima unakuja 0.38. Inapendeza kabisa kwenye jedwali, na ukimtengenezea mtu pua kwa hiyo modeli haikai. Afu ile kuzivuta modeli zikaribiane nayo inachukua kosa lililokuwa sehemu moja inalitawanya uso mzima, kila mahali panakosea kidogo na panapouma hapaonekani. Kwahiyo saivi nikisoma naanza na zile ramani za rangi zinazoonyesha kosa liko sehemu gani ya uso, natafuta wekundu, yaani kosa kubwa, uko wapi, ndo narudi kwenye namba.

Kuna kitu kingine kinachotuhusu sisi wa huku, rangi ya ngozi na nywele. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, inameza mwanga wa kawaida kuliko infraredi, kwahiyo skana inayotumia mwanga mweupe ukiielekeza kwenye ngozi nyeusi tii lazima uiongezee mwangaza la sivyo inatoa matundu, wakati za infraredi zinahangaika kidogo zaidi. Nywele ni shida kwa zote. Nywele nyeusi za kipilipili zinakula mwanga, hazina uso mmoja wa kurudisha kidoti, na pembeni ya sikio ndo zilipo. Jasho nalo, Dar mwezi wa pili saa nane mchana hakuna uso usiong'aa, tunapangusa na kupaka poda kidogo. Na usiskani dirishani, jua lina infraredi yake nyingi, vidoti vya skana vinapotelea humo. Kuna mgonjwa nilimtandika kanga mabegani nikidhani maua yake yataisaidia skana kujua iko wapi, kumbe mabega yanapanda na kushuka na pumzi na skana ikafuata maua ya kanga ikaacha uso. Siku hizi mabegani naweka shuka jeusi lisilo na chochote.

Turudi kwa mama. Nilifungua tena faili lake nikaanza kutafuta zile milimita 4 zilitokea wapi, na zilikuwa na asili mbili. Njia tunayotumia ni kuligeuza sikio zima kama kwenye kioo, la kulia linakuwa la kushoto, kwahiyo mstari wa katikati ya uso ukikosea kidogo sikio linahama. Mshono wangu ulikuwa umeteleza shavuni, nusu moja ya uso imekuwa nyembamba kuliko nyingine, mstari ukahama nao. Hiyo ndo iliyopeleka sikio mbele. La pili liliniudhi zaidi. Nyuma ya sikio mwanga wa skana haufiki, ni uchochoro, na skana haikuona kitu pale. Ila kwenye modeli hapakuwa na tundu. Palikuwa na ngozi laini nzuri, maana programu ilikuwa imewekwa ijaze matundu yenyewe. Ilibuni. Ilichora pembe ya sikio kwa kukisia, na mi nikaamini kwa sababu ilikuwa inavutia macho, nikaliumba kwa silikoni nikampelekea mama.

Tangu hapo kujaza matundu nimekuzima. Nataka nione weusi pale ambapo skana haikuona. Modeli yenye matundu inaniambia ukweli, naweza kwenda kwa mkono nikamalizia. Na vile programu inavyolainisha ngozi mpaka makunyanzi yanapotea, nako nimezima, naweka faili ghafi kwanza ndo nafanya mengine kwenye nakala.

Ushauri mwingine kwa wanaoanza, usijenge karakana yako juu ya apu moja. Bellus3D watu wengi waliitumia kuskani uso kwa simu, tafiti kibao ziliipima, wakati wa korona walitoa mpaka apu ya kusaidia barakoa ibane vizuri usoni, na 2022 kampuni ikafunga kazi. Kinect ilisitishwa kutengenezwa 2017. Vipimo vilivyofanywa kwa vifaa hivyo vimebaki kwenye makaratasi, vifaa havipo. Hata ambayo bado ipo, ikija apdeti ya programu narudi kwenye kichwa changu cha plasta napima upya kabla sijamgusa mgonjwa. Na kama apu inapeleka picha kwenye seva za mbali, muulize mgonjwa kwanza, uso ni kitambulisho, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019.

Sasa je hizi skana zinafaa? Kwa maski ya aliyeungua, nasema ndio bila kusita. Milimita moja au moja na nusu shavuni naweza kuirekebisha kwa kupasha plastiki na kukwangua modeli pale panapohitaji kubana zaidi, na mtoto namskani akiwa amelala usingizi, mama yake yuko pembeni, hakuna kilio. Kwa kuangalia uvimbe umepungua kiasi gani wiki hadi wiki, nasita, maana kama kosa la skana ni milimita moja na uvimbe umeshuka milimita moja, hujaona kitu. Kingo za pua ya bandia zinazotakiwa ziishe nyembamba kama karatasi juu ya ngozi, hapana, hizo bado ni nta, moto na kidole. Na mtu asije akanunua simu kwa sababu ina laida nyuma, kile kipima umbali cha leza, akadhani ataskani nayo uso, ile ni ya kupima chumba na fanicha, ya uso ni ile kamera ya mbele.

Mama alirudi baada ya mwezi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akavua mtandio bila mimi kumwambia. Safari hii sikio la kulia nililichukua kwa aljineti, sikio tu, dakika tano, nikamwaga plasta, na kesho yake nikaiskani ile plasta kwa raha zangu mbele na nyuma, haipumui, haing'ai, haiulizi "bado?". Skana kwa uso wake niliitumia kwa kazi moja, kujua sikio likae wapi. Nilimbandikia vistika vidogo shavuni ili mshono upate cha kushika, kichwa kimeegemea kwa nyuma, meno yamegusana kidogo, macho kwenye msumari ukutani, nikaanzia puani nikaenda kushoto, nikarudi puani nikaenda kulia, sekunde kumi na tano. Mara tatu. Kila moja nikailinganisha na kalipa ya sikio kwa sikio, moja ilikosea milimita 3 nikaitupa, mbili zikakaa ndani ya moja.

Lilikaa. Miwani ikanyooka. Alijitazama tena muda mrefu, alafu akagusa ndewe ya sikio la kulia akaniuliza, "Na hereni je?"

Nilifungua faili. Tundu la hereni halikuwepo, ni dogo mno kwa skana yoyote ninayoweza kuinunua, na kwenye plasta lilikuwa limezibwa na mafuta. Kwahiyo nikampa penseli ya wanja, akasogea kwenye kioo, akaweka doti mwenyewe pale anapopataka.